Vyungu Alivyochagua Dada

Watu wengi huchagua vyungu vya maua kama wanavyochagua mapazia. Wanatazama rangi, wanatazama jirani ameweka nini, wanatoa pesa. Mimi watu wa namna hiyo nawauzia bila kusita, maana nami nina tumbo. Dada yangu hakuwa hivyo. Mteja angeshuka kwenye gari lake, miwani juu ya kichwa, anyooshe kidole kwenye safu ya vyungu vya zege vilivyopangwa ukutani, aseme anataka vile vinne vya mbele. Dada hakumtajia bei. Alifuta mikono kwenye aproni, akamuuliza: "Nani atamwagilia?"

Wengine walidhani anawatania. Wengine waliona ni ufidhuli, mtu mwenye saruji hadi kwenye nyusi kuwahoji mambo ya nyumbani kwao. Lakini lilikuwa swali la kazi kabisa. Zege si plastiki. Zege hunywa. Ukijaza udongo kwenye chungu kidogo cha zege ukakiweka kibarazani penye jua, kuta zake zitafyonza maji upande mmoja na jua litafyonza upande mwingine, na ikifika saa nane mmea umelegea kama mtu mwenye homa. Kwa hiyo anayetoka kwake alfajiri na kurudi jioni, dada alimpa chungu kikubwa, cha kina kirefu na kuta nene, kinachoweza kukaa hata wiki bila mtu kukikumbuka. Mstaafu, au mwenye mtu wa kushinda nyumbani, huyo ndiye aliyeruhusiwa vile vidogo vyenye midomo myembamba, ambavyo kila mtu alivitaka. Wa ghorofani aliulizwa kibaraza chake kimeshikiliwa na nini, maana zege ni zito. Na aliyetaka chungu kisicho na tundu chini, ili asichafuliwe sakafu, aliambiwa akanunue sufuria.

Alinifukuzia wateja mpaka nikawa nasema peke yangu. Daktari mmoja wa meno alitaka vidogo sita vya mlangoni kwenye zahanati yake. Alipoulizwa nani atamwagilia, akasema mtu atapatikana. Dada akamjibu kwamba akishapatikana aje naye. Yule bwana akaondoka amevimba, akanunua kwingine, na baada ya miezi miwili akarudi kuchukua viwili vikubwa, ametulia kama mgonjwa wake mwenyewe. Dada hakumcheka. Nilimcheka mimi, alipokwisha kuondoka.

Yeye ni wa kwanza kwa mama yetu na mimi ni wa mwisho. Mume wake alikuwa fundi mwashi. Alikwenda kwenye mradi wa mbali, huko akapata na mke wa mbali, na hatukumwona tena. Alichomwachia dada ni mtoto wa miaka minne, mwiko, na nusu mfuko wa saruji iliyokwisha kuanza kuganda pembeni. Dada alichekecha ile ambayo haijaganda, akachanganya na mchanga, akamwaga kwenye beseni na kukandamiza ndoo katikati yake. Chungu cha kwanza kilitoka kimeinama. Jirani akakinunua kwa huruma. Cha tatu kilinunuliwa na mtu ambaye hakumjua wala kumhurumia, na hapo dada akajua kwamba ana kazi.

Alikodi kona ya uwanja nyuma ya gereji, yenye bomba la maji na ukuta mmoja wa kuegemeza mali. Nami nilipoachika, nikaja kumsaidia. Tulipaka kalibu, yale maumbo ya kumwagia zege, mafuta machafu tuliyopewa bure na mafundi wa gereji, tukajaza zege kidogo kidogo huku tukigonga kwa nyundo ya mpira ili hewa itoke, tukafunika kwa magunia mabichi. Wiki nzima ni kuyalowesha. Halafu chungu kinajazwa maji, yanamwagwa, yanajazwa mengine, siku baada ya siku, mpaka ule ukali wa saruji utoke, la sivyo unaunguza mizizi. Wenzetu wa barabara kuu hawakuwa na subira hiyo. Walimwaga Jumatatu wakauza Ijumaa, na mteja akafikiri ana mkono mbaya wa kupanda.

Saruji ilimla dada mikono. Kila jioni alijipaka mafuta ya mgando na kuvaa soksi mikononi kama mtoto mchanga, lakini wapi. Siku alipokwenda kutengeneza kitambulisho kipya, mashine ilikataa vidole vyake vyote kumi. Karani akamwambia akafute mikono vizuri. Dada akamwambia amekuwa akiifuta miaka kumi na minane, na kwamba alama anazozitafuta ziko kwenye vibaraza vya watu. Nilicheka siku ile. Sasa nikikumbuka sicheki.

Kwa vidole hivyo alimsomesha mwanetu. Nasema mwanetu kwa sababu mtoto wa dada yangu ni wangu, na mgongo huu ndio uliombeba mtoto huyo wakati mama yake anachanganya zege. Alisoma vizuri, sitamsingizia. Akawa mchoraji wa ramani za nyumba, mwenye ofisi yake, na mke mpole anayefanya kazi kwenye kampuni ya bima. Kila mwezi alikuja uwanjani na mfuko wa matunda, akamkumbatia mama yake bila kujali vumbi, akasema, "Mama, siku moja utapumzika." Hakusema lini wala wapi. Nasi hatukuuliza. Mtu hamkabi mwanawe koo.

Alipoanza kujenga nyumba yake mwenyewe, alileta ramani uwanjani akaitandaza juu ya meza tunayopigia msasa. Akatuonyesha sebule, jiko, vyumba vya juu. Kidole chake kikapita kwenye chumba kidogo cha chini, karibu na jiko, chenye dirisha la mashariki na mlango unaofungukia bustanini. Akasema, "Na hiki ni cha chini hapa, kwa asiyetaka kupanda ngazi." Kisha akaendelea na mambo ya tangi la maji. Dada hakusikia habari za tangi. Nilimwona. Alikuwa ameinama juu ya kile chumba, akikipima kwa macho kama anavyopima chungu, na goti lake la kushoto, ambalo lilikuwa limeanza kumsumbua ngazini, alikuwa amelishika kwa mkono.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Alifanya kazi akiimba kwa kujificha. Wateja wakiomba bei ipungue aliwapunguzia. Nilimuuliza kama mwanetu amemwambia lolote, akaniuliza kwani mtoto humwalika mama yake kama mgeni. Hata mimi niliiona ile ramani, na hata mimi nilikisoma kile chumba alivyokisoma yeye.

Nyumba ilipofika kwenye rangi, mwanetu alimwomba mama yake awachagulie vyungu vya nje na ndani. Akasema mke wake ameona vya kununua madukani vya kila aina, lakini yeye amekataa, anataka vya mama. Dada alikwenda na futi ya fundi cherehani na daftari. Alishinda kule siku nzima. Alitazama jua linaingilia wapi na linatokea wapi, maji ya mvua yanashukia upande gani, upepo unapita kwenye kona ipi. Aliporudi alinisomea orodha yake, na nikadhani amechoka hajui anachosoma.

Vilikuwa vyungu kumi na vinne, na vyote vidogo. Viwili kwa kila kidato cha ngazi ya mbele, vitatu kwenye ukingo wa dirisha la jikoni kwa mimea ya kupikia, vingine kwenye kibaraza cha magharibi ambacho jua la mchana lingekipiga bila huruma. Vidogo, vya midomo myembamba, vile vile alivyokuwa akiwanyima watu. Nikamwambia, dada, kile kibaraza kinataka vikubwa vitatu na mambo yaishe. Wale wote wawili wanatoka asubuhi wanarudi giza limeingia. Vidogo pale havimalizi wiki.

Alinitazama kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Mimi si nitakuwepo?" akasema. "Asubuhi nitamwagilia kabla ya chai, na jioni jua likipoa. Nitashinda nafanya nini mle ndani, nitazame ukuta?"

Mwanamke aliyewauliza watu wote wa mji huu nani atamwagilia, safari hii hakumuuliza mtu. Alidhani jibu analo. Nami niliyekuwa na mdomo wa kumsema kila mtu, siku hiyo nilikwenda zangu kulowesha magunia. Hilo silisahau, na sijisamehe.

Alivitengeneza kwa mikono yake peke yake, hakutaka niguse. Alichekecha mchanga mara tatu. Alipiga msasa mpaka ukipitisha shavu hukwaruziki. Alivipa maji mwezi mzima, akavipandia mwenyewe, akangoja mizizi ishike. Wakati huo huo akaanza kugawa maisha yake. Kitanda alimpa mama mwenye nyumba. Jiko la gesi alimpa jirani aliyejifungua. Chumba alichopanga miaka yote hiyo alikirudisha, na kabla ya mwisho wa mwezi kilikuwa kimepata mtu. Uwanja, bomba na kalibu zote alinikabidhi mimi mbele ya mwenye gereji, akasema kuanzia sasa mtu akitaka chungu aulize mdogo wake. Nililia. Nililia kwa furaha yake na, nitasema ukweli, kwa yangu pia, maana sikuwahi kumiliki kitu.

Siku ya kuhamisha vyungu tulikodi gari dogo la mizigo. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Dada alikuwa amevaa gauni lake la kijani la harusi ya mwanetu, na miguuni mwake, katikati ya vyungu vilivyofungwa magunia, alikuwa ameweka sanduku lake la nguo.

Mkamwana alitupokea getini kwa heshima zote. Akamshika dada mkono, akasaidia kushusha, akasifu kila chungu kimoja kimoja. Mwanetu alikuwa ofisini, angerudi mchana. Kisha mkamwana akaliona sanduku. Hakukunja uso, hakubadilisha sauti. Aliuliza kwa wema mtupu, na ndiyo maana liliingia hadi mfupani:

"Mama, unasafiri?"

Nilimtazama dada. Ilipita muda mfupi sana, pengine hata dereva hakuuona. Halafu akacheka kidogo. "Hapana, mwanangu. Nguo za mdogo wangu hizi, nampelekea baadaye."

Nami mwenye nguo nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimekumbatia chungu.

Tukapanga vyungu. Dada alipanga kama hakuna kilichotokea, akirudi nyuma hatua mbili kutazama, akisogeza kimoja kidole kimoja kushoto. Tulipozunguka upande wa jiko, mlango wa kile chumba cha chini ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na kioo cha ukuta mzima, mkeka wa mpira, na ile mashine ya mazoezi ambayo mtu hutembea saa nzima na asifike popote. Mkamwana akaeleza kwamba daktari amemshauri mwanetu afanye mazoezi kwa ajili ya presha, na kupanda ngazi baada ya mazoezi ni taabu. Dada akasema ni vizuri, afya kwanza. Akauliza kama dirisha linafunguka vizuri.

Mwanetu aliporudi alifurahi hadi machozi yakamlenga. Alipiga picha vyungu vyote, akampiga picha mama yake katikati ya vyungu hivyo. Akasema watu wa ofisini watakufa kwa wivu. Tukala, tukanywa soda, akatupakia kwenye gari lake na sanduku letu, akatushusha kwangu. Hakuuliza kwa nini mama yake anashuka kwangu. Alidhani amekuja kunitembelea, naye dada alimpungia mkono mpaka gari likakata kona.

Usiniambie kwamba mwanetu alidanganya. Hakudanganya. Angekuwa mwongo ningejua mahali pa kumshika. Hakuwahi kutamka neno, na dada hakuwahi kuuliza, na kati ya hao wawili ukajengwa ukuta mnene kuliko chungu chochote tulichowahi kumwaga. Nilipomwambia dada niende nikamwambie mwanetu ukweli, kwamba mama yake hana hata kitanda, aliniapisha. Akasema nikifungua mdomo nitakuwa nimemzika. "Nikiomba," akasema, "hata akinipa, nitakaa mle kama niliyeokotwa." Akalala kwenye kochi langu, miguu imetoka nje ya mkono wa kochi, na asubuhi akaamka akalikunja shuka kama mgeni. Nilimrudishia uwanja, akakataa. Alisema ameshatoa. Akaanza kunisaidia kazi kwenye uwanja aliouanzisha yeye, akiniuliza mimi, eti, leo tumwage vingapi.

Haikupita wiki mbili simu ikalia. Mwanetu, na wasiwasi mwingi. Mimea imekauka, ile ya ngazini imebaki vijiti, na wikiendi ijayo wana wageni wa kazini. Kuna ugonjwa gani? Dada alimweleza bila kumlaumu: vyungu vidogo, asubuhi na jioni, kila siku, hasa upande wa magharibi. Kisha nikasikia, maana simu ya dada husikika nyumba nzima: "Kwa nini usije wewe, mama? Nani anavijua kama wewe?"

Sikuwahi kumwona dada akiinuka haraka vile, na goti lile. Alisimama katikati ya chumba, simu sikioni, uso umefunguka kama wa msichana. Akasema anaweza kuja hata kesho.

"Na usijali, hatutaki uje bure," mwanetu akaendelea. "Yule wa kufua tunamlipa kwa mwezi. Na wewe tutakuweka hapo hapo. Asubuhi unakuja, jioni unarudi zako."

Nilijua angekataa. Nilikuwa tayari nimeanza kutengeneza tusi la kumsaidia. Dada akakaa chini polepole, akavuta pumzi, akasema, "Sawa, baba. Nitaanza kesho."

Nilimwambia dada hapo hapo kwamba mama haandikwi kwenye kundi la mfuaji, na kama yeye hana haya, mimi ninazo za wawili. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kosa ni lake, amechagua vyungu vibaya kwa nyumba ile, na fundi akikosea hurudi kurekebisha. Nikamwambia kama ni kurekebisha, ni kazi ya mwezi mmoja. Nitamwaga vikubwa vitano, vinene, vya kukaa wiki bila maji, nitavipeleka mwenyewe na vile vidogo nivirudishe, na hatalazimika kukanyaga pale tena.

Alinishika mkono. Vidole vyake ni vikavu, vinakwaruza. "Usifanye hivyo," akasema. "Ukiwapelekea vikubwa, mimi nitaingia pale kwa sababu gani?"

Nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili asinisikie.

Basi akawa anakwenda. Asubuhi anatoka kwangu kabla ya jua, jioni anarudi amebeba mkate. Aliingilia mlango mdogo wa pembeni, kwa kuwa geti kubwa lilikuwa la magari. Mimea ikapona. Ile ya dirishani ikajaa mpaka mkamwana akawa anachuma majani ya kuwapelekea wenzake. Mwanetu akitoka asubuhi alimsalimu mama yake kwa heshima, akamuuliza goti linaendeleaje, akawasha gari. Jumapili walikwenda kutembea na dada akabaki na ndoo. Aliniambia ana raha. Alisema anamwona mwanawe mara mbili kwa siku, wakati zamani alikuwa akimwona mara moja kwa mwezi. Alilisema hilo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Nilikwenda kule mara moja tu. Chungu kimoja cha kibarazani kilikuwa kimepasuka mdomo, gari la kuleta viti limekigusa, nami nikapeleka kingine kuziba pengo. Ilikuwa Jumamosi mchana na walikuwa na mgeni, mkuu wa mkamwana kule kwenye bima, mama mnene mcheshi mwenye sauti ya kuhutubia. Walikuwa wamekaa kibarazani yeye, mkamwana na mwanetu. Dada alikuwa amepiga magoti hatua nne kutoka kwenye viti vyao, akinisaidia kuhamisha mmea kutoka kwenye chungu kilichopasuka. Alikuwa amevaa aproni, na udongo umemfika viwikoni.

Mgeni akasifu vyungu. Akasema ametafuta vya namna hiyo kila mahali, akamgeukia dada moja kwa moja, akamuuliza kama vinafaa kwa nyumba ambayo watu wanashinda kazini. Mkamwana alifungua mdomo kidogo, akaufunga. Dada akamjibu vizuri, kwa utulivu, kwamba kwa nyumba ya hivyo achukue vikubwa, vya kina kirefu, ahakikishe vimenyweshwa maji mwezi mzima kabla ya kupandwa, na atazame tundu la chini. Mgeni alisikiliza kwa makini kama mtu aliyeokota kitu cha thamani.

"Mama, unajua kazi yako," akasema. "Umefanya kazi hapa muda gani?"

Nilisimama. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, yamejipanga, tangu yale ya mgongo uliombeba hadi yale ya vidole visivyo na alama. Dada hakunitazama, lakini mkono wake wenye udongo ulinishika kifundo cha mguu ukanibana. Na mimi mjinga nikamtazama mwanetu. Nilisema moyoni, ngoja, huyu atasema. Ni neno moja tu. Hata mtu mwoga ana neno moja.

"Mwezi wa saba sasa," dada akasema, na akaendelea kukandamiza udongo.

Mgeni akacheka, akamwambia mkamwana ajihadhari, atamwibia huyu mama siku moja. Mwanetu naye akacheka. Alikuwa ameshika simu yake, anaitazama kama inamsemesha. "Huyu haibiki," akasema. "Huyu hatumtoi." Kisha akainuka akasema anakwenda kuleta juisi. Alikaa ndani muda mrefu kuliko juisi inavyohitaji. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na sinia ilikuwa na glasi tatu: ya mgeni, ya mkewe na yake.